Gari ya zamani inanuka petroli: mambo ya kuzingatia kabla hujashika spana

Jamani kabla sijafika kwenye mipira ya kupitishia petroli na klipu zake naanza na hili, maana mpaka leo likinijia moyo unanienda mbio. Gari yetu ni Volkswagen Beetle ya 1969, aliiacha marehemu baba, na hapa kwetu Ng'ambo, Unguja, mwenye harusi akitaka gari ya kumchukulia bibi harusi anakuja kuiomba. Mwaka jana ilikuwa zamu ya harusi ya nyumbani kwetu wenyewe, na gari siku ya tatu inanuka petroli, sie tumeshazoea tunasema aa gari za zamani ndo zilivyo. Alkhamisi baada ya magharibi shangazi akatoka uani na chetezo mkononi, makaa yamekoza, udi unafuka vizuri kabisa, anakwenda kuifukiza gari bibi harusi asije kukaa na harufu mbaya. Mie niko barazani, namuona mkono wake wa pili umeshashika kitasa cha mlango, wallahi nilipiga ukelele mpaka majirani wakatoka. Akarudi nyuma. Tulipokuja kuinua zulia la mbele kesho yake lilikuwa limerowa.

Kwa hiyo la kwanza kabisa, harufu ya petroli haifunikwi. Si kwa udi, si kwa marashi, si kwa vile vidude vya kuning'iniza kwenye kioo. Harufu ile ndo kengele yako pekee, ukiifunika umeizima kengele na moto bado uko njiani. Na ujue kwamba petroli haihitaji joto ndo itoe mvuke unaoshika moto, hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri inautoa, sasa fikiria hapa kwetu wakati wa kaskazi gari imekaa juani tangu saa tatu. Mvuke wenyewe ni mzito kuliko hewa, haupandi juu ukapotea kama moshi, unalala chini, unajaa kwenye sakafu ya gari, unatambaa uani, unaingia kwenye shimo la fundi ukakaa humo humo. Na ukichanganyika na hewa kiasi cha asilimia 1.4 tu basi cheche inatosha. Ndo maana seredani ya makaa iliyopo upande wa pili wa ua nayo ni khatari hata kama unaiona iko mbali.

Na kuna suala la afya, watu hawalisemi sana. Petroli ina benzini ndani yake, na benzini inaleta saratani, hilo limeshathibitishwa, mbali na kichwa kuuma na kizunguzungu unachokipata ukitoka Bububu mpaka Nungwi vioo vimefungwa. Mama mjamzito na watoto wasipande kabisa mpaka tatizo limepatikana.

Sasa la pili, na hili ndo ninalotaka khasa watu walishike, kabla hujaita fundi na kabla hujafungua hata skrubu moja, ijue saa ya harufu. Chukua siku tatu nne, uandike kwenye simu inanuka wakati gani. Mie nilipoteza pesa nyingi kwa sababu nilimwambia fundi "inanuka" basi, na yeye akaanza kubadilisha anachokijua yeye, kabureta, kile chombo kinachochanganya petroli na hewa, ikafunguliwa mara mbili na haikuwa na kosa lolote. Harufu ina saa yake na kila saa ina pahala pake. Ikinuka baada ya kujaza tangi, au ukikata kona, halafu tangi likishuka nusu harufu inaondoka, hapo tatizo liko juu ya tangi, yaani mpira mnene wa shingo ya kujazia, vile vimpira vidogo vya kupumulia, au gasketi (kizibio) ya geji ya mafuta. Ikinuka asubuhi gari imelala imezimwa, hapo kuna kitu kinavuja polepole chini ya usawa wa mafuta, angalia mpira wa chini ya tangi na paipu. Ikinuka injini ikiwa inawaka tu na ukizima inapungua, hapo ni upande wa pampu na kabureta, pale kwenye msukumo. Ikinuka dakika kumi baada ya kuzima na jua kali, mara nyingi ni mafuta kwenye kabureta yanachemka kwa joto la injini, na hilo kidogo kidogo kwa gari za namna hii ni kawaida, lakini likizidi au ukaona umaji umaji kwenye kabureta basi si kawaida tena. Halafu tofautisha petroli mbichi na moshi wa ekzosi wenye petroli nyingi, ule unachoma macho na unatoka nyuma, huo ni habari ya choki (kibati kinachobana hewa injini ikiwa baridi) imeganda, au floti (kiboya cha ndani ya kabureta kinachozuia mafuta yasizidi), sio ya kuvuja.

Kitu chengine cha kuangalia mapema kabisa, vuta kijiti cha oili ukinuse. Ikiwa oili inanuka petroli na imepanda juu ya alama, usiwashe hiyo gari, ama dayaframu (utando wa ndani) ya pampu imechanika ama floti haizibi, na mafuta yanashukia kwenye oili inakuwa nyepesi kama maji, ukiendesha hivyo unakula bearingi.

Pahala pa kufanyia kazi. Nje, peupe, upepo unapita, sio kwenye kichochoro cha Mji Mkongwe na sio kwenye banda la bati lililofungwa. Nyumbani waambie siku hiyo kupika kuwe ndani upande wa pili, au kazi ifanywe asubuhi kabla makaa hayajawashwa, na wanaovuta sigara wakae mbali, wewe ndo uwaambie usione haya, hata kama ni mzee wa mtaa. Betri kwenye Beetle iko chini ya siti ya nyuma, toa waya wa negativu kwanza, na utoe kabla harufu haijazidi, usije ukatoa wakati petroli imeshamwagika ukapata cheche pale pale. Taa iwe tochi ya betri, ile balbu ya umeme ya kuning'iniza ikianguka ikapasuka imekwisha habari. Mtungi wa kuzimia moto uwe wa poda kavu na uwe umesimama karibu na mkono wako, sio ndani ya gari unayoitengeneza. Na ndoo ya mchanga. Maji usiyaguse, petroli inaelea juu ya maji na moto unakwenda nayo.

Kutoa mafuta kwenye tangi. Yakhe, ile tabia ya kunyonya mpira kwa mdomo iacheni, nawaomba sana. Petroli ikiingia tumboni ni shida lakini ikipita kwenye mapafu hata kidogo tu inaweza kuua, na mtu akiimeza msimtapishe, apelekwe hospitali. Tumia pampu ya mkono ile ya mpira, inauzwa rahisi. Dumu liwe la mafuta lenye kifuniko, liweke chini ardhini wakati wa kulijaza, sio juu ya siti wala mkononi. Zile chupa za maji za plastiki tunazoziona barabarani zinauzwa na petroli si za kuwekea nyumbani.

Mpira wa kubadilisha nunua kabla, usifungue halafu ndo ukaanza kuzunguka Darajani na Mwanakwerekwe gari iko wazi inadondoka. Pima paipu ya chuma kwanza, mpira uingie kwa kubana, ukiwa mpana ukataka kuukaza kwa klipu hautaziba, utakunja tu. Soma maandishi ubavuni mwa mpira, ukikuta SAE J30 R6 au R7 huo ni wa petroli ya kabureta na unatosha, R9 ni imara zaidi. Mpira usioandikwa kitu usinunue, na ile ya plastiki inayoonesha ndani ikikaa kwenye joto la injini inakuwa ngumu kama kijiti na inachomoka yenyewe. Klipu chukua zile ambazo mkanda wake hauna meno upande wa ndani, zenye meno zinakata mpira. Nunua mpira wa ziada, maana ukibadilisha mmoja badilisha yote, umri wao ni mmoja.

Hapo nieleze nilichokiona mwenyewe. Mipira ya zamani ya Volkswagen imevikwa kitambaa kilichosukwa, na kitambaa kile kinaficha. Mpira wangu wa chini ya tangi kwa kuuangalia ulikuwa mzima, mweusi, safi, fundi ameupita mara mbili. Nilipoukunja kwa vidole viwili tu ukalia, ka, ka, kitambaa kikafunguka na ndani mpira ukamomonyoka kama ganda la bofulo la juzi, vipande vidogo vidogo vikabaki kwenye kiganja. Matone yalikuwa yanafuata kitambaa kama utambi, yanatokea shubiri moja mbele ya pale penye ufa, ndo maana tulikuwa tunapatafuta pabaya. Kwa hiyo usiangalie, kunja. Mpira usiokunjika bila ya kulia haufai.

Kukagua anza mbele urudi nyuma. Tangi liko mbele chini ya boneti, juu ya miguu yenu, na nyuma yake kuna matundu ya waya yanayoingia kwenye deshibodi, kwa hivyo mvuke wa tangi unaingia ndani moja kwa moja, yale matundu yawe na mipira yake. Geji ya mafuta iko juu ya tangi imefungwa kwa skrubu, gasketi yake ikikauka ukijaza tangi petroli inatoka hapo taratibu. Pangusa pakavu, nyunyiza poda ya mtoto kidogo kuzunguka maungio, endesha kidogo halafu uje uangalie, poda ikirowa utaona mstari umetokea wapi. Na usijaze mpaka mdomoni. Petroli inatoka kwenye tangi la ardhini kituoni ikiwa imepoa, ukija kuiegesha juani inatanuka kama asilimia 1 kwa kila nyuzi 10, tangi la lita 40 linakutolea karibu nusu lita ya ziada na lazima ipate pa kwenda. Gari nyengine zinazosemwa zinavuja hazivuji, zinajazwa kupita kiasi.

Katikati kuna paipu ya chuma inapita ndani ya uti wa gari, huioni. Kwetu hapa na chumvi hii ya bahari, na gari zinazolala karibu na Forodhani na Malindi, ikioza hujui mpaka inuke chini ya gia. Ukishahakikisha mbele na nyuma hakuna kosa na harufu bado ipo katikati, usiitie kiraka, pitisha paipu mpya.

Nyuma kwenye injini ndo pa kuogopwa zaidi. Kabureta ya Solex ina kijipaipu cha shaba kinachoingizia mafuta, kimepigwa tu kikabana, hakina nati. Miaka ikipita kinalegea, siku moja kinachomoka na mpira wake, pampu inaendelea kumwaga petroli juu ya injini ya moto. Beetle nyingi zimeungua hivyo. Kishike kwa vidole gari ikiwa imepoa ukizungushe, kikicheza hata kidogo mpe fundi wa mashine akitie meno kifungwe kwa kuskrubu. Na lile filta la kioo au plastiki watu wanalolining'iniza juu ya injini kwa kupenda kuona mafuta yanapita, litoeni hapo, lihamishwe chini mbali na joto.

Kama tangi lenyewe limetoboka, musimpe fundi wa kuchomelea kwa sababu ati limeoshwa na ni tupu. Tangi tupu ndo baya kuliko lililojaa, limejaa mvuke na hewa kwa kipimo cha kuripuka. Aliyezoea kazi hiyo na mwenye vifaa vyake vya kulisafisha, sawa, si mwengine. La sivyo tafuta tangi jengine.

Ukimaliza usikimbilie kuendesha. Rudisha mafuta lita mbili tatu, subiri nusu saa gari imezimwa, pitisha kitambaa cheupe kwenye kila ungio. Ndo uwashe, iache inguruma dakika kumi, mtungi mkononi, mtu mmoja anaangalia mbele mwengine nyuma. Halafu mzunguko mfupi, mpaka Amani na kurudi, uangalie tena.

Na pua yako usiiamini siku hiyo, ukikaa na petroli saa nzima pua inachoka haisikii tena. Mie nilimwita dada yangu aliyekuwa ndani anasuka ukili, hajasogea gari siku nzima. Asubuhi ya siku ya pili, vioo vimefungwa usiku kucha, akafungua mlango akaingiza kichwa, akakaa kidogo, akasema nasikia zulia jipya tu. Ndo tukafunga maua kwenye boneti.