Kuchagua programu ya kufuatilia matumizi ukiwa unaishi kwa pesa ya simu na taslimu

Mwongozo huu ni kwa mtu aliyeko Tanzania ambaye pesa yake inapita M-Pesa, Airtel Money au Mixx by Yas, kidogo iko benki, na nyingine anatembea nayo. Nimeuandika baada ya kumsaidia mdogo wangu anayeuza mitumba, kwa sababu miongozo mingi inamlenga mtu anayelipia kila kitu kwa kadi.

Hatua ya 1: Orodhesha mifuko yako

Andika kila mahali pesa yako inapokaa: kila laini, benki, pochi, kikoba. Programu isiyokuruhusu kufungua akaunti kwa kila kimoja haikufai.

Hatua ya 2: Ondoa zisizofaa

Zinazosifiwa sana Marekani huvuta miamala kutoka benki za huko. Huku utaandika kwa mkono hata kama umelipia. Mint, iliyokuwa maarufu kuliko nyingi, ilifungwa Machi 2024. Kwa hiyo programu isiyotoa kumbukumbu zako kama faili la Excel au CSV iache.

Iache pia inayoomba kusoma meseji zako. Najua inarahisisha kazi, lakini humohumo zinaingia namba za uthibitisho za benki. Orodha ya majina ya simu yako nayo haihusiani kabisa na matumizi yako.

Hatua ya 3: Pakua mbili, uzijaribu

Mimi nasimama na Money Manager ya Realbyte. Anayetaka wepesi ajaribu Monefy. Weka shilingi ya Tanzania, ondoa desimali. Kipimo changu ni daladala: uweze kuandika nauli kabla konda hajamaliza kukusanya.

Hatua ya 4: Tenganisha uhamisho na matumizi

Hapa usiharakishe, maana programu haitakuonya. Kutoa pesa kwa wakala si matumizi, ni kuihamisha kutoka kwenye simu kwenda kwenye pochi. Tuseme umetoa 50,000 ukaiandika kama matumizi, halafu ukaandika tena mchele, mkaa na nauli ulivyolipia kwa pesa hiyohiyo. Ripoti itasema umetumia 100,000, nawe utaanza kujibana bila sababu. Kilichotumika siku ya kutoa ni makato tu. Yape fungu lake, uone mwisho wa mwezi kama kutoa kidogokidogo kunakugharimu kuliko kutumia Lipa Namba.

Benki kwenda simu, au laini moja kwenda nyingine, ni vilevile.

Kikoba kinataka umakini zaidi. Hisa ni uhamisho, kwa sababu utazikuta siku ya kugawana. Mchango wa mfuko wa jamii, kama kwenu haurudishwi, ni matumizi. Ukikopa, usiandike mkopo kama mapato, hata kama pesa imeingia mkononi. Fungua akaunti ya deni, hamisha kutoka humo kwenda kwenye pochi na uache salio lake liwe hasi. Marejesho ni uhamisho wa kurudi. Riba peke yake ndiyo matumizi.

Songesha, yaani mkopo wa M-Pesa wa kukamilisha muamala salio lisipotosha, ifanyie hivyohivyo. Angalia tu kwamba pesa ikiingia deni linakatwa lenyewe. Ukitumiwa malipo ya 30,000 na 10,000 ikakatwa, andika mapato 30,000, kisha uhamisho wa 10,000 kwenda kwenye deni. Ukiandika mapato 20,000, deni litabaki kwenye programu wakati ulishalilipa.

Mara moja kwa wiki linganisha salio la kila mfuko na lililoko kwenye programu. Yasipolingana, tafuta kwanza uhamisho uliosahaulika. Programu nyingi zinakuruhusu kurekebisha salio papo hapo. Usifanye hivyo mapema, kwa sababu namba zitakaa sawa na hutajua pesa ilikwenda wapi. Kwenye pochi, tofauti ya mia chache isikunyime usingizi. Kwenye laini, hata shilingi kumi ina maelezo, kwa kuwa meseji zote zipo.

Hatua ya 5: Hifadhi nakala

Kila mwisho wa mwezi toa faili, ujitumie kwa barua pepe. Nakala iliyoko ndani ya simu hiyohiyo inapotea pamoja na simu.