Kusajili lori la kuvuka majimbo Marekani

Fungua kampuni na uchukue namba ya kodi (EIN) kabla ya kwenda FMCSA (mamlaka ya serikali kuu ya usalama wa malori na mabasi). Namba ya USDOT, inayotambulisha msafirishaji, ni bure. Kibali cha kubeba mizigo ya watu kwa malipo ni dola 300, na hazirudishwi.

Kibali hakiwi hai hadi kampuni ya bima iwasilishe fomu BMC-91 au 91X, uthibitisho wa bima (angalau dola 750,000 kwa mizigo ya kawaida kwenye malori makubwa) na wakala awasilishe BOC-3, fomu ya kutaja atakayekupokelea nyaraka za kisheria. Hapa ndipo wengi hukwama: jina kwenye bima lina "LLC", kwenye maombi halina. Liandike herufi kwa herufi.

Kisha lipa UCR, ada ya kila mwaka ya usajili wa wasafirishaji wanaovuka majimbo. Lori la zaidi ya pauni 26,000 au lenye ekseli tatu au zaidi linahitaji pia plati za IRP (usajili unaotambuliwa na majimbo mengi) na leseni ya IFTA (mkataba wa majimbo wa kodi ya mafuta), yenye ripoti kila robo mwaka, hata kama hukusafiri. Kuanzia pauni 55,000, ongeza fomu 2290, ya kodi ya barabara kuu kwa magari mazito.

Barua zenye nembo za kutisha zinazodai malipo ya haraka? Mara nyingi ni madalali. Hakiki kwanza kwenye tovuti ya FMCSA.