Kabla Hujampaka Dawa Mbwa Mzee Anayejikuna

Mvua zikishakata Dodoma, kuanzia Mei hadi Novemba ni vumbi na upepo, na ngozi hukauka, ya mtu na ya mbwa. Mbwa kijana akianza kujikuna, jirani atakuambia umwogeshe dawa ya kupe, na mara nyingi mambo huishia hapo. Mbwa wa miaka 11 ambaye figo zimechoka, au ana kisukari, au yuko kwenye dawa za moyo, huyo ni habari nyingine. Kinachoonekana ni ngozi, lakini dawa utakayomnywesha itapita kwenye ini na figo zilezile zinazosuasua. Ya kupaka nayo usidhani inabaki nje: ngozi yenye vidonda hufyonza, na mbwa hujiramba. Kwa hiyo mengi ya kuandaa hapa yanahusu ule ugonjwa wa zamani kuliko huu upele mpya.

Anza na daftari. Katika nyumba nyingi mwenye mbwa anashinda kazini Mtumba au mjini, na anayemjua mbwa hasa ni dada au kijana anayempa chakula. Kaeni pamoja muandike. "Dada, ulianza lini kumwona anajisugua ukutani?" "Tangu wiki ile tuliyopiga dawa ya mende, Baba." Jibu kama hilo linaweza kumwokolea daktari nusu saa ya kubahatisha. Andikeni alianzia wapi kujikuna, kama anaamka usiku kwa ajili hiyo, kama mbwa au paka mwingine pale nyumbani anajikuna, na kama kuna mtu aliyetokewa na vipele vya mikononi au kiunoni. Hilo la watu msiliruke: upele unaoletwa na utitiri aina ya Sarcoptes humhamia binadamu.

Kisha orodhesheni kila anachotumia: jina la dawa, dozi, saa, na lini ilianza. Wekeni humo na zile zisizohesabiwa kuwa dawa, kama mafuta ya mwarobaini au unga alioleta shemeji kutoka Singida. Ngozi kuwasha siku chache baada ya kuanza dawa mpya ni dalili inayotakiwa kusemwa, na mwenye ugonjwa sugu huwa na dawa mpya mara kwa mara.

Uzito upimwe upya. Mbwa mgonjwa wa muda mrefu hukonda mgongoni na mapajani hata kama tumbo limebaki kubwa, na dozi aliyopewa miaka miwili iliyopita leo inaweza kuwa imezidi. Mdogo mbebe, panda naye kwenye mizani, kisha panda peke yako, utoe. Mkubwa asiyebebeka, maduka ya nafaka yana mizani ya kupimia magunia. Ukienda muda usio na wateja ukaomba kistaarabu, wengi hawakatai.

Umri alioanza kujikuna nao unasema kitu. Mzio wa ngozi kwa mbwa kwa kawaida huanza kati ya miezi 6 na miaka 3. Aliyekuwa akijikuna kila mwaka tangu utotoni ni mgonjwa wa mzio ambaye sasa amezeeka. Aliyefika uzeeni bila kujikuna kisha akaanza ghafla, usikimbilie kulaumu vumbi wala chakula; tafuta wadudu kwanza, halafu tezi. Tezi ya shingo ikilegea, au tezi za juu ya figo zikizalisha homoni kupita kiasi, nywele hupungua ubavuni na mkiani na ngozi hupoteza ulinzi. Ugonjwa wenyewe wa tezi mara nyingi hauwashi. Kinachowasha ni bakteria na fangasi waliopata upenyo. Kuna pia utitiri wa Demodex, ambao karibu kila mbwa anao kidogo kwenye vinyweleo bila shida, lakini kinga ikishuka kwa kisukari, saratani au dawa za steroidi, huzaliana mpaka ngozi ikapukutika.

Kabla ya kutoka nyumbani, mkague mwenyewe kwenye mwanga wa asubuhi. Mchane manyoya ya kiunoni, karibu na mkia, juu ya karatasi nyeupe ya chooni uliyoilowesha. Punje nyeusi zitakazodondoka zinaweza kuwa vumbi tu, lakini zikianza kutoa michirizi ya rangi ya kutu kwenye ule unyevu, hicho ni kinyesi cha viroboto, yaani damu aliyonyonywa mbwa. Huhitaji kumwona kiroboto mwenyewe. Halafu shika ncha ya sikio lake, isugue taratibu kati ya vidole kwa sekunde chache. Mguu wa nyuma wa upande huo ukianza kupiga hewani kana kwamba anajikuna, na kingo za masikio na viwiko vina magamba, mtajie daktari utitiri wa Sarcoptes. Si uthibitisho, ila ni fununu nzuri. Nusa masikio na kati ya vidole: fangasi wa jamii ya hamira hutoa harufu ya soksi zilizoshinda kwenye viatu, na ngozi hugeuka nyeusi, nene, yenye mafuta.

Kwenye nyayo toa mbigili na utafute kupe na funza. Viwiko vyenye upara na ngozi ngumu usiviite upele. Ni usugu wa kulala kwenye sakafu ya saruji. Na mbwa anayeramba kifundo kimoja tu cha mguu kila usiku wa baridi wa Julai, huenda kiungo kinamuuma, hakuna kinachomwasha hapo. Huyo akipewa dawa ya kuwashwa hatapata nafuu hata akimaliza kopo.

Neno moja la hatari. Mbwa asiyechanjwa kichaa cha mbwa, aliyewahi kung'atwa, akaanza kuguguna pale palipokuwa na jeraha huku tabia imebadilika, msimkague. Mfungieni, msimguse, mwite mtaalamu wa mifugo. Mtu aliyeng'atwa na mbwa huyo au kurambwa kwenye kidonda naye aoshe pale kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, aende kituo cha afya siku hiyohiyo.

Sasa dawa zilizo kabatini na dukani, ambako ndiko mbwa wazee wengi huumizwa. Oili chafu ya gari bado inapakwa, na utaambiwa ilimponya mbwa wa fulani. Oili hiyo ina metali na sumu za mwako, na mbwa huiramba yote. Kwa mwenye figo mbovu sioni tofauti kubwa kati ya hilo na kumwekea sumu kwenye sahani. Mafuta ya taa huunguza ngozi. Dawa ya josho la ng'ombe yenye amitrazi hupandisha sukari kwenye damu na kupunguza kasi ya moyo, kwa hiyo mbwa mwenye kisukari au moyo dhaifu asiogeshwe nayo hata kama chupa ilishanunuliwa kwa ajili ya mbuzi.

Ivermektini, dawa ya minyoo na wadudu, ile ya sindano inayouzwa kwa ng'ombe imekolezwa kwa mnyama wa mamia ya kilo: mililita 1 kwa kila kilo 50. Kwa mbwa wa kilo 15 nukta ikikosewa kidogo tu kwenye bomba la sindano, ni kutetemeka, upofu wa muda au kupoteza fahamu. Mbwa wa ukoo wa Collie, na baadhi ya German Shepherd ambao damu yao imesambaa kwa mbwa wetu wa ulinzi, wanaweza kuwa na hitilafu ya kurithi inayoruhusu dawa hii kuingia kwenye ubongo. Daktari anaweza kuitumia kwa hesabu yake. Wewe na muuza duka msiitumie kwa kukadiria.

Dawa za binadamu ni mtego wa pili. Diklofenaki na ibuprofeni huharibu figo na kutoboa tumbo la mbwa. Hata jeli yake ya kuchua, akiiramba, ni ileile. Panadol ni hatari kwa ini na damu. Krimu yenye zinki, hata ile ya watoto, isipakwe mahali anapofikia kuramba. Vidonge vya mzio kama setirizini husaidia mbwa wachache tu, na vile vilivyochanganywa na dawa ya mafua visitolewe kabisa.

Kuhusu prednisoloni, mojawapo ya zile dawa za steroidi, nina msimamo. Inatuliza muwasho haraka, ndiyo maana watu wanaipenda, na ndiyo maana inaombwa kwa jina. Lakini inapandisha sukari, inaongeza kiu na mkojo, inashusha kinga, na ikikutana na dawa ya maumivu ya viungo huleta vidonda vya tumbo. Mbwa mwenye Demodex huzidi kupukutika. Kama daktari ataona hakuna njia nyingine, mimi ningeomba vidonge badala ya sindano ya muda mrefu, kwa sababu kidonge kinaweza kupunguzwa mambo yakiharibika, ila sindano iliyokwisha kuingia inafanya kazi kwa wiki kadhaa na haitolewi. Vidonge hivyo pia havikatwi ghafla. Hupunguzwa kidogokidogo kwa maelekezo. Kwa kupe, viroboto na utitiri, uliza kama vidonge vya kutafuna vya kizazi kipya vinapatikana. Kwa mbwa wengi ni afadhali kuliko josho, ila aliyewahi kupata kifafa daktari aambiwe kabla.

Kuoga kunahitaji mpango, hasa mtaa wenye mgao wa maji. Shampuu ya dawa yenye klorheksidini inatakiwa ikae mwilini dakika 10 ndipo isuuzwe mpaka maji yatoke meupe, na mabaki yakikauka kwenye ngozi huwasha upya. Hakikisha basi ndoo zimejaa kabla hujamlowesha. Maji ya kisima yenye chumvi hukausha ngozi, kwa hiyo ya mwisho ya kusuuzia yawe ya mvua au ya bomba ukiyapata. Mwogeshe saa tano asubuhi jua likiwa limeshapasha uwanja, asimame juu ya gunia au mkeka wa mpira ili miguu isiteleze, umkaushe kwa taulo mpaka ndani ya vidole. Sabuni ya kufulia na ya mche hazimfai. Ila kama miadi na daktari iko karibu, acha kumwogesha siku mbili tatu kabla, kwa kuwa magamba na usaha unaotaka kuusafisha ndio anaotaka kuuona.

Wadudu hawaishi kwa mbwa peke yake. Mayai, viluwiluwi na mabuu ya viroboto yako kwenye matandiko na nyufa za sakafu. Kupe wa kahawia wa mbwa hupanda ukuta na kujificha kwenye matofali yasiyopigwa lipu, na jike mmoja hutaga maelfu ya mayai. Fua matandiko kwa maji ya moto, yaanike juani, ziba nyufa za banda. Ukipuliza dawa, mbwa mzee atoke, arudi pakishakauka kabisa. Tibu wanyama wote wa nyumbani siku moja, na kumbuka permetrini ya mbwa inaua paka.

Chakula kisibadilishwe kwa pupa. Mafuta ya alizeti, ambayo kwetu hayakosekani, yana asidi inayosaidia ngozi kavu na kijiko kidogo kwenye ugali hakidhuru mbwa wengi, lakini aliyewahi kuugua kongosho asiongezewe mafuta. Dagaa, ambao wengi huwaongeza "apate nguvu", wana fosforasi nyingi, na waliokaushwa kwa chumvi ndio wabaya zaidi. Mwenye figo mbovu hawamfai. Maji asinyimwe hata kama anakojoa ndani.

Unapotafuta daktari wa mifugo, uliza kwa simu kama anaweza kukwangua ngozi na kutazama kwa darubini, na kama anaweza kuchukua damu kupima figo, ini na sukari, au kuipeleka inakopimwa. Wakala wa Maabara ya Veterinari una kituo Dodoma, na kwa yanayoshindikana kuna hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, ingawa ni safari ndefu kwa mbwa mzee na inataka gari la kukodi. Beba mkojo wa asubuhi kwenye chombo kisafi chenye kifuniko, kadi ya chanjo, daftari, makopo yenyewe ya dawa, na picha za simu zinazoonyesha ngozi ilivyokuwa wiki zilizopita. Mwenye kisukari asifungishwe kula wala kurukishwa insulini bila kuuliza kwanza. Beba na kamba ya kumfunga mdomo. Mpole akiguswa panapouma hung'ata. Kabla ya kulipa, uliza kila dawa inaingiliana vipi na zile za zamani, na vipimo vya figo virudiwe lini.

Miadi haisubiriwi kama uso umevimba, anahema kwa shida, fizi zimepauka au zimekuwa za njano, amegoma kula siku nzima, au usaha unanuka na ngozi inachubuka kwenye nyayo zote nne. Hapo anapelekwa siku hiyohiyo, hata kwa bajaji, na daftari likisahaulika basi angalau makopo ya dawa yawepo mkononi.