Kwenda Pemba kutembea: angalia mwezi kwanza

Kabla ya kukata tiketi ya Pemba, tazama mwezi uko siku ya ngapi. Wengi huja bila kuangalia, wakateremka ufukweni saa nne asubuhi wakiwa na hamu ya kwenda kisiwa kidogo cha Misali, wakakuta bahari iko mbali na mashua imelala ubavu mchangani.

Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, yaani maji kujaa sana na kupwa sana. Siku hizo maji hujaa karibu na saa kumi, usiku na alasiri, na hupwa karibu na saa nne. Kila siku inayofuata saa husogea mbele kama dakika 50. Hesabu siku saba au nane tangu bamvua: sasa ni maji mafu, yaani tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, kujaa kumehamia saa nne asubuhi na mkondo ni hafifu. Misali iwekee siku hizo, maana ukiogelea kutazama matumbawe mkondo haukuchukui. Vaa jaketi la kuokolea kabla mashua haijang'oa nanga. Siku za bamvua zibakishie ufukwe wa Vumawimbi, utembee mchangani maji yakiwa yamepwa.

Pepo nazo zina amri yake. Kusi, upepo wa kutoka kusini, likishika, hasa Juni hadi Agosti, bahari ya baina ya Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, na Pemba huchafuka. Ukienda kwa boti wakati huo kaa sitaha ya chini, katikati kuelekea nyuma, ambako mtikisiko ni mdogo, na usijaze tumbo. Boti hufikia Mkoani, kusini. Haiondoki kila siku, kwa hiyo ulizia ratiba ya kwenda na ya kurudi pamoja, na ushike kitambulisho. Ndege ndogo hutua karibu na Chake Chake. Mzigo kwa kawaida ni kilo 15, tena mkoba laini.

Toa pesa taslimu Chake Chake. Ukienda msitu wa Ngezi, daladala itakufikisha Konde, kisha chukua bodaboda. Rudi mapema, jioni magari huadimika. Popo wa Pemba, ambao hawapatikani kwingine duniani, watazame kwenye hifadhi yao ya Kidike alasiri, wakiwa wananing'inia na kujipepea kwa mbawa. Usipige makofi kuwarusha, wanahitaji kupumzika.

Msimu wa karafuu utaziona zimeanikwa kwenye majamvi kando ya barabara, mbichi zikiwa kijani na wekundu kidogo, kavu zikiwa za kahawia na zinavunjika kwa ukucha. Zipite pembeni, hayo ni mavuno ya familia. Wala usinunue gunia vichochoroni: karafuu huuzwa kwa ZSTC, shirika la serikali, na kuzivusha kwa magendo ni kosa. Kipakiti cha dukani kinatosha kwa pilau ya nyumbani.

Mjini na vijijini funika mabega na magoti. Kanga moja mkobani inamaliza kazi. Ramadhani migahawa mingi hufungwa mchana, basi kubaliana na mwenye nyumba ya wageni kuhusu chakula tangu usiku.