"Wengi wako nyuma yangu": namna ya kupima dai lisilo na majina

Mwanasiasa akisimama mbele ya vipaza sauti na kusema wabunge anao wa kutosha, ila majina atayataja wakati ukifika, kwanza nakili maneno yake kama yalivyotoka kinywani. "Wananiunga mkono", "wametia saini", "wamenihakikishia" na "tunazungumza nao" ni mambo manne tofauti. Habari nyingi huharibikia hapa, pale mwandishi anapoyakoroga yote yakawa "anaungwa mkono na". Aliyetia saini ameacha karatasi. Aliyeahidi kwa simu hajaacha kitu, na kesho anaweza kumwahidi mwingine.

Kisha tafuta kiwango kinachotakiwa kisheria au kikanuni, ukiandike juu kabisa ya daftari kabla hujampigia mtu yeyote. Bunge la Taifa la Kenya lina wabunge 349. Hoja ya kumwondoa naibu rais huhitaji kuungwa mkono na theluthi moja, yaani 117, ndipo iwasilishwe, na theluthi mbili, yaani 233, ndipo ipite. Kwa hiyo anayetamba kwamba ana "zaidi ya mia" huenda hajafikisha hata idadi ya kuileta hoja bungeni. Tanzania, anayewania urais hutafuta wadhamini 200 waliojiandikisha kupiga kura katika kila mkoa, kwa mikoa isiyopungua 10, miwili kati yake ikiwa Zanzibar. Hapo jumla kubwa haimsaidii: akiwa na wadhamini elfu tano katika mkoa mmoja, bado ana mkoa mmoja tu.

Sasa uliza, na uulize mambo yanayojibika. Ni wangapi hasa? Idadi hiyo ni ya kufikia saa ngapi? Wametia saini au wamesema tu? Karatasi iko kwa nani, na nani asiye wa kambi yako ameiona? Swali la mwisho ndilo lenye uzito. Septemba 23, 2020, Anwar Ibrahim, wakati huo kiongozi wa upinzani Malaysia, alitangaza kwamba ana wabunge wa kutosha kuunda serikali. Bunge lao lina viti 222, hivyo alihitaji 112. Oktoba 13 alikutana na mfalme, na baada ya hapo ikulu ikaeleza kwamba alitaja idadi lakini hakuwasilisha orodha ya majina. Waziri mkuu aliyekuwepo, Muhyiddin Yassin, akabaki madarakani hadi Agosti 2021.

Usipopewa orodha, tengeneza yako. Chora safu sita: jina, jimbo, chama, alichosema, alikisemea wapi, tarehe. Mwingize yule tu aliyetamka hadharani au aliyekwambia mwenyewe; "nimesikia yuko upande ule" haingii. Tengeneza orodha ya mpinzani pia, kisha jumlisha madai ya kambi zote. Tuseme mmoja anadai 190 na mwingine 180 katika bunge la watu 349. Jumla ni 370, maana yake watu 21 au zaidi wamehesabiwa mara mbili, au hawapo kabisa. Hesabu hiyo ni ya dakika moja, na inasikitisha jinsi inavyorukwa.

Ukipata karatasi ya saini, usifurahie unene wake. Tazama mwandiko: majina kumi yaliyofuatana kwa mkono mmoja na kalamu moja yanataka maelezo. Tazama kichwa cha kila ukurasa, siyo wa kwanza peke yake. Karatasi ya mahudhurio, ile watu waliyosaini ili wapate nauli ya mkutano, hugeuka orodha ya wafuasi kwa kubandikiwa ukurasa mpya mbele. Chagua majina kama kumi bila mpangilio, uwapigie wenyewe kwa namba ulizotafuta wewe, siyo ulizopewa na kambi. Na watu huandikwa bila kujua: mwaka 2021 Wakenya wengi walikagua usajili wao kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, wakajikuta wanachama wa vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo.

Hata saini halali si kura. Oktoba 2024, hoja ya kumwondoa Rigathi Gachagua, wakati huo naibu rais wa Kenya, ilikuja na saini 291. Siku ya kupiga kura, Oktoba 8, waliounga mkono walikuwa 281, waliopinga 44. Hoja ilipita kwa wingi mkubwa, lakini kura zilipungua kumi kuliko saini. Pale kiwango kinapovukwa kwa watu watatu au wanne tu, pengo la kumi linaiangusha hoja.

Lakini kosa la upande wa pili lipo, nalo ni baya vilevile: kuandika "amedanganya" kwa sababu tu majina hayajulikani. Oktoba 2022, chama cha Conservative cha Uingereza kilitaka kila mgombea uongozi apate wabunge 100. Boris Johnson, waziri mkuu wa zamani, alijitoa Oktoba 23 akisema alikuwa na 102, na waliokuwa wamejitokeza hadharani kumuunga mkono hawakufika 70. Wengi walimcheka. Baadaye afisa wa kamati iliyosimamia uteuzi alithibitisha kwamba alikuwa amevuka 100. Mbunge ana sababu zake za kujificha: anamwogopa kiranja wa chama, yule anayesimamia nidhamu ya wabunge wake, anasubiri aone upepo unavuma wapi ndipo adai cheo, au ameahidi pande mbili.

Kwa hiyo andika kwa kutenganisha ulichoambiwa na ulichokihesabu: "Amesema anaungwa mkono na wabunge 120, hakutaja majina. Hadi saa 12 jioni jana, 43 walikuwa wamejitokeza hadharani. Anahitaji 117." Kwenye kichwa cha habari weka "adai" kabla ya namba, ukikosa nafasi ya neno hilo, ondoa namba yenyewe. Usiandike "wengi" wala "vyanzo vinasema wabunge kadhaa", kwa sababu hapo wewe nawe umeongeza watu wasio na majina juu ya wale wake.

Orodha yako usiitupe. Kura ikipigwa, chukua majina ya waliopiga kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge, yaweke kando ya safu zako, mmoja mmoja, na uandike ni nani hakufika.