Kutenganisha ndege mbili kwa A-nyota: mahali programu inapokudanganya

Mpwa wangu anamalizia mradi wa chuo. Jumamosi alinijia hapa Njiro na laptop: "Mjomba, ndege zangu zinapishana salama, programu imesema." Nikamwambia azichore. Mistari miwili, mmoja juu ya mwingine. Zilikuwa zimepenyana kama mizimu.

A-nyota (A*) ni mbinu ya kompyuta ya kutafuta njia yenye gharama ndogo kabisa. Haya ni ya kujifunzia tu. Kazi ya waongoza ndege ina mengi zaidi.

1. Sheria. Kwenye njia za juu zenye rada, kipimo cha kawaida ni maili 5 za baharini kwa ubavu au futi 1,000 kwa wima. Tuweke ndege zote mbili futi 33,000, uso kwa uso, kila moja ikienda maili 8 kwa dakika. (Najua, za mashariki na za magharibi hupangiwa viwango tofauti. Nataka kesi ngumu.) Meru na Kilimanjaro zisahau, kwa urefu huo hazikugusi.

2. Nodi. Ni hali moja ya ndege ndani ya utafutaji: x, y, mwelekeo na dakika. Dakika usiiache, maana mahali pabaya dakika ya 3 panaweza kuwa salama dakika ya 6. Kila dakika rubani ana chaguo nne: endelea, kata nyuzi 10 kushoto, kata 10 kulia, au elekea moja kwa moja unakokwenda.

3. Gharama. Maili ulizoruka, pamoja na adhabu ya maili 2 kwa kila agizo jipya. Bila adhabu ndege itapinda-pinda kama bodaboda soko la Kilombero. Makadirio ya mbele ni umbali ulionyooka hadi mwisho, kwa sababu hauzidi njia halisi kamwe.

4. Kupima ukaribu. Hapa ndipo mpwa alipokwama, na mimi miaka ya nyuma nilipoteza usiku mzima hapahapa. Alikuwa anapima umbali kila dakika inapotimia. Sasa hesabu: ndege hizi zinakaribiana maili 16 kwa dakika. Dakika hii ziko maili 8, zinatazamana. Dakika inayofuata ziko maili 8, zimepeana mgongo. Vipimo vyote viwili vinazidi 5, programu inafurahi, na katikati zimegongana.

Wengi hukimbilia kupima kila sekunde 10. Usifanye hivyo kwa kukata hatua za utafutaji: kina kinakuwa mara sita, matawi yanalipuka, feni ya laptop inalia. Tafuta muda ambao ndege zinakaribiana kuliko wakati wote ndani ya kila hatua:

t = −(dx·vx + dy·vy) / (vx² + vy²)

dx, dy ni nafasi ya ndege ya pili ukitoa ya kwanza. Vx, vy ni kasi zake ukitoa za kwanza, kwa maili kwa dakika. Mfano wetu: dx = 8, vx = −16, y zote sifuri. t = 128/256 = 0.5. Nusu dakika, umbali sifuri. Huyo hapo.

Ila angalia. t ikiwa chini ya 0 ifanye 0, ikizidi 1 ifanye 1, la sivyo utakataa njia nzuri kwa hatari iliyokwisha kupita au iliyo nje ya hatua hii. Ndege zikienda sambamba kwa kasi moja, chini ya mstari kuna sifuri: pima umbali wa sasa tu. Na usichanganye kasi ya saa na ya dakika. Nimefanya, najua.

5. Programu. Python na heapq (foleni yake inayotoa kwanza chenye gharama ndogo), basi. Maktaba zenye michoro mizuri zitakuficha makosa; chora mwenyewe. Ndani ya foleni weka namba ya kuhesabu baada ya gharama, maana gharama zikilingana heapq italinganisha vitu visivyolinganishika.

6. Anza mapema. Katikati zikiwa na maili 80, ndege moja ikikata nyuzi 10 zitapishana kwa kama maili 7. Kwa maili 40, nyuzi 10 zilezile zinakupa 3.5; utahitaji 20. Mpwa alianzia maili 12, foleni ikaisha tupu, yaani hakuna njia salama iliyobaki, akadhani algoriti imeharibika.