Karibu Louisville, ila gari subiri kwanza

Karibu kila mwezi napata ujumbe wa aina moja: "Dada, tumepangiwa Kentucky, huko Marekani, mji unaitwa Louisville. Tuambie pa kununua chakula, pa kupeleka watoto, pa kupumzika." Nitasema. Lakini nikianza na bustani na masoko mtasoma nusu mkaenda zenu, na kilichonitafuna mimi kitawatafuna na nyinyi. Kwa hiyo naanza na gari.

Mimi ni wa Kasulu. Mume wangu ni Mkongomani wa Uvira, kakulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na ndiye aliyetangulia huku. Kazi nilipata haraka, usiku, kwenye ghala moja pembezoni mwa mji. Mabasi ya hapa, TARC, mchana yanasaidia. Saa tisa usiku nikitoka kazini, kituoni nilikuwa peke yangu na baridi yangu.

Binamu ya mume wangu akasema, "Shemeji, twende yadi fulani, wale hawaulizi krediti." Shikeni sentensi hiyo. Krediti ni rekodi ya namna unavyolipa madeni, na mgeni hana, kwa hiyo benki haimjui. Anayekwambia hakuulizi krediti hajakuonea huruma. Ameshapiga hesabu yake.

Muuzaji alitusalimia "Jambo!", watoto wakapewa pipi. Kwenye kioo cha gari, dola 7,500. Kianzio dola 1,500, halafu dola 110 kila Ijumaa kwa wiki 130. Nikaona mia na kumi si kitu, nitaimudu. Nikasaini kurasa kumi na moja bila kusoma hata moja. Na mimi nyumbani nilikuwa mwalimu wa hisabati, darasa la sita! Watoto wa Kasulu ningewachapa kwa kutozidisha. Zidisha mwenyewe: 110 mara 130 ni 14,300, ongeza kianzio, 15,800. Gari la 7,500.

Hamjambo nyumbani mnaojua pikipiki za mkataba? Ni kitu hichohicho. Bosi anakupa pikipiki, unapeleka hesabu, ukichelewa anakuzimia kwa simu ukiwa njiani na abiria. Mikopo ya kausha damu mnaikimbia Kigoma, halafu mnakuja kuikumbatia Kentucky kwa sababu ina kiyoyozi na mtu amevaa tai.

Jumapili moja tulikwenda Waterfront Park, kando ya mto Ohio. Tukapanda Big Four Bridge kwa miguu, watoto wakala aiskrimu upande wa pili, Jeffersonville, ambako tayari ni jimbo jingine, Indiana. Tukarudi jua linazama. Nikazungusha ufunguo. Taa za dashibodi zikawaka, injini kimya. Mzee mmoja wa Kizungu akaja na waya za kuchaji betri, tukajaribu, kimya. Akainama chini ya usukani na tochi ya simu, akagusa kidude cheusi chenye kitaa chekundu kinachopepesa. Akaninyanyulia macho ya huruma. "Umelipa wiki hii?"

Sikuwa nimelipa. Malipo ni Ijumaa, mshahara wetu ulikuwa unaingia Jumatano kila baada ya wiki mbili. Gari lilikuwa limelia tangu Alhamisi, mara mbili kila nikiwasha, nami nilidhani ni mkanda wa kiti, kumbe ni onyo la malipo. Nikapiga simu yadi, mashine ikaniambia ofisi itafunguliwa Jumatatu. Tulirudi nyumbani kwa mabasi mawili, mdogo amelala begani, viatu vyake mkononi.

Nililipa, pamoja na faini. Wiki ya 38 giaboksi ikafa. Nikawafuata, wakanionyesha karatasi iliyokuwa imebandikwa dirishani siku ile: gari linauzwa kama lilivyo, bila dhamana. Karatasi hiyo ni sheria ya serikali kuu, kila yadi lazima iibandike, na mimi niliisogeza pembeni ili nione viti. Nikaacha kulipa kwa hasira. Kosa jingine! Walikuja usiku na gari la kuvuta, wakalichukua likiwa na kiti cha mtoto na viatu vyangu vya kazi. Likauzwa mnada kwa bei ya kutupa, kisha barua ikaja: kilichobaki bado nadaiwa. Ndiyo, gari sina na deni ninalo. Deni la namna hiyo hukaa kwenye rekodi yako miaka saba.

Narudia: zidisha. Malipo ya wiki mara idadi ya wiki, hapohapo mbele yake, na kikokotoo cha simu. Narudia tena: kama unalipwa kila wiki mbili, usisaini deni la kila wiki. Uliza waziwazi kama gari lina kidude cha kulizima, na kimeandikwa ukurasa gani. Na usidanganywe kwamba una siku tatu za kurudisha gari. Ile sheria ya siku tatu ni ya wanaokuuzia mlangoni kwako, si ya gari ulilofuata yadi mwenyewe. Ukiendesha hadi barabarani limekwisha kuwa lako. Wala usimwekee ndugu saini ya udhamini "kwa sababu ni wa kwetu". Sisi kwetu udhamini ni heshima, hapa ni deni lako.

Ningefanyaje? Ningepanda basi miezi minne na kuchangia mafuta na wenzangu wa zamu. Ningejiunga na ushirika wa kuweka na kukopa, ambao kwetu tungeuita SACCOS, nikaanza kujenga rekodi kwa kadi ndogo ya dhamana, ile ya krediti ambayo unaweka kwanza fedha zako kama dhamana. Kisha ningenunua gari kuukuu kwa fedha taslimu, fundi akiwa ubavuni na namba ya chasi imeshakaguliwa. Kumbuka kuna kodi ya asilimia 6 unapoliandikisha, na bima: ile ndogo ndiyo lazima kisheria, ila ukinunua kwa mkopo watakulazimisha bima kubwa, na kwa mgeni bima kubwa ni kama kodi ya chumba.

Sasa ndugu zangu wa nyumbani, kwa upendo. Mama mdogo alipiga simu mwezi wangu wa tatu: "Mtu yuko Marekani hana hata gari?" Nikaona aibu. Picha ya lile gari la kijivu ilizunguka ukoo mzima, watu wakaandika hongera, mmoja akaomba dola 300 za bati. Hamkuwa na nia mbaya, najua. Ila picha ile haikuonyesha kidude chini ya usukani. Msiwasukume watoto wenu.

Kuhusu wenyeji, nitasema ninavyoona. Ni watu wa tabasamu. Watakufungulia mlango, watakuuliza hali na kupita kabla hujajibu, na mzee yule wa waya alisimama nasi saa nzima hadi basi likaja. Lakini karatasi ikishasainiwa, tabasamu halihusiki tena. Kwetu mkataba ni mwanzo wa mazungumzo, unakwenda kwa mtu, unakaa, unaeleza shida, mnaelewana. Hapa mazungumzo yanaisha pale kalamu inapoinuka. Si ukatili, wamelelewa hivyo, na wao wenyewe wanadaiwa hadi kitanda.

Haya, sehemu nzuri. Chakula kiko upande wa kusini, kuanzia Southside Drive hadi Preston Highway. Maduka ya Waafrika, Waarabu na Waasia yanauza mihogo, dagaa, mafuta ya mawese, sombe (kisamvu) iliyogandishwa na unga. Mkusanyiko wetu uko huko, ndiyo maana Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazosemwa sana na wanafunzi wa shule za umma hapa. Americana ni kituo cha jamii kinachofundisha Kiingereza na kusaidia wageni, nenda wiki ya kwanza. Maktaba ya umma ni bure, na ukienda tawi la Iroquois hutashangaa kusikia Kiswahili kwenye ngazi. Mkataba wowote upeleke ukasomewe kabla ya kusaini. Usione haya, mimi niliona haya, ikanigharimu.

Iroquois Park ni kilima chenye miti, ukifika juu unauona mji wote. Watoto wetu wanakimbia humo bila kiingilio.

Wacongo hawahitaji kuhimizwa kuhusu Muhammad Ali. Alizaliwa hapa 1942, amezikwa hapa Cave Hill, na uwanja wa ndege una jina lake tangu 2019. Mume wangu alipoingia makumbusho yake mjini alisimama kwenye habari za pambano la Kinshasa la 1974 hadi mlinzi akamuuliza kama yuko sawa. Alikuwa analia. Baba yake alikuwa akiwasimulia kambini.

Mwezi Aprili kuna Thunder Over Louisville, fataki juu ya mto na ndege za kivita zikipita chini. Waambieni wazazi na watoto mapema! Mwaka wangu wa kwanza bibi mmoja wa Kirundi jirani yetu aliingia chini ya kitanda. Wiki chache baadaye, Jumamosi ya kwanza ya Mei, ni mbio za farasi, Kentucky Derby. Dakika mbili tu, na mji mzima umevaa kofia. Mkitaka kuonja cha wenyeji kuna Hot Brown, chakula cha Brown Hotel tangu 1926: mkate, nyama ya bata mzinga, mchuzi wa jibini, juu bekoni. Waislamu, bekoni ni nguruwe, agizeni isiwekwe. Mimi nikila nahisi usingizi. Mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, wikiendi ya Labor Day, kuna tamasha la WorldFest, vyakula na ngoma za dunia nzima.

Tuna gari jingine sasa, la fedha taslimu, kipasha joto kinafanya kazi upande wa dereva tu. Limeandikishwa jina la mume wangu. Kentucky kodi ya gari hulipwa mwezi aliozaliwa mwenye gari, na wakimbizi wengi wasiokuwa na vyeti waliandikiwa kuzaliwa Januari mosi. Basi mwisho wa Januari foleni ya kulipia imejaa Wakongo, Warundi na Wasomali, wote "mapacha", wanapongezana siku ya kuzaliwa. Mwaka huu nyuma yangu alisimama kijana mpya kutoka Nyarugusu, ufunguo mkononi, anatabasamu.

"Dada," akaniuliza, "hivi gari likilia mara mbili ukiliwasha, ni mkanda?"

Nikamuuliza amebakiza wiki ngapi.

"Mia moja na ishirini na moja."